Elimu ya Kutafuta Ubovu

Kitu kinapoharibika mikononi mwa mtu, moja kati ya mambo mawili hutokea. Ama mtu hukitupa akanunua kingine, ama hukaa nacho akatafuta mahali kilipoharibikia. Jambo la kwanza lahitaji fedha, na la pili lahitaji elimu. Fedha husifiwa sana, hata elimu ya namna hii ikadhaniwa kuwa ni kimbilio la watu waliokosa fedha. Nakusudia katika insha hii kuitetea elimu hiyo, pamoja na lugha ambayo hufundishwa kwayo katika pwani ya kusini ya Tanzania. Nimeiona kwa macho yangu mahali ambapo wasomi hawana desturi ya kwenda kutafuta elimu: katika kibanda cha fundi wa runinga, Kilwa Masoko.

Sharti niseme kwanza Kilwa ninayoitaja ni ipi, maana jina ni moja na miji ni mitatu. Kilwa Kisiwani ndiyo dola ya zamani, iliyopiga sarafu zake yenyewe na kufanya biashara ya dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta aliizuru mwaka 1331, na Wareno wakaiteka mwaka 1505. Kilwa Kivinje ndio mji wa karne ya 19, mji wa misafara, ambako Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Kilwa Masoko ndiyo makao ya wilaya ya leo, mkoani Lindi, mji wa ofisi, gati na samaki, unaotazamana na Kisiwani ng'ambo ya maji. Wageni wengi hufika Masoko ili wapande mashua kwenda kutazama magofu, wakaupa mji kisogo. Mimi, mzaliwa wa Lindi, nilikuwa nikifika huko katika likizo za chuo kukusanya maneno ya waundaji wa vyombo vya bahari. Siku moja kinasa sauti changu kilikufa, na mwundaji mmoja wa mashua akanielekeza kwa fundi huyu. Nilikwenda kwa haja ya saa moja. Nami nimekuwa nikirudi kwake kwa miaka kadhaa.

Kibanda chake ni cha mbao na mabati. Ndani yake runinga zimepangwa kando ya ukuta mithili ya wagonjwa wanaongoja zamu, na nyingi katika hizo ni zile ambazo watu wetu wameziita runinga za chogo. Jina hili lastahili kufikiriwa. Zamani, wakati runinga zote zilipokuwa na mgongo mnene, hakuna aliyezipa jina la kuzipambanua. Zilikuwa runinga tu. Zile bapa ziliposhuka madukani ndipo watu walipotazama nyuma ya zile za kwanza, wakaona chogo kama la binadamu, wakazibandika jina. Lugha haikungoja kikao wala kamati. Ilitaka kupambanua vitu viwili, ikavipambanua, na hakuna mtu pwani nzima anayehitaji kufafanuliwa maana yake.

Ndani ya chogo mna tyubu kubwa ya kioo isiyo na hewa. Asili yake ni kazi ya mtaalamu wa Kijerumani, Karl Ferdinand Braun, ya mwaka 1897, yaani miaka miwili baada ya Makunganya kunyongwa Kivinje. Chombo hicho kilichukua muda mrefu kutufikia. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni, nayo ya rangi, mwaka 1973. Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa, kwa kuanzia Dar es Salaam, na kila runinga ya zamani ikahitaji king'amuzi. Walikuwapo waliodhani kuwa huo ndio mwisho wa chogo. Haukuwa mwisho. King'amuzi kiliungwa kwa nyaya tatu, moja ya manjano, moja nyeupe na moja nyekundu, na chogo likaendelea na kazi.

Nyaya hizo hizo tatu ndizo zilizolipa chogo kazi ya pili, ambayo ndiyo iliyolidumisha zaidi kuliko matangazo: vibanda vya gemu. Kibanda cha gemu ni chumba kidogo chenye runinga mbili tatu, mashine za kuchezea zilizokwisha kutumika kwingine, na benchi la mbao. Vijana hulipa fedha kidogo wakacheza mpira kwa zamu, na watoto wasio na fedha husimama mlangoni wakawa watazamaji na waamuzi. Mwenye kibanda hupenda chogo kwa sababu ni la bei ndogo, na kwa sababu likianguka au kugongwa mara nyingi huinuka likiwa zima.

Udugu wa gemu na runinga si wa jana. Mwaka 1972, huko California, kampuni changa ya Atari ilimpa mhandisi wake, Allan Alcorn, kazi ya kuunda mchezo wa kielektroni uitwao Pong. Alcorn alinunua dukani runinga ya kawaida ya Hitachi, ya nyeusi na nyeupe, akaitia ndani ya kasha la mbao, nayo ikawa kioo cha mashine ya kwanza ya mchezo ule. Mashine za kulipia zilizofuata, kama zile za Space Invaders za mwaka 1978 na Pac-Man za mwaka 1980, zilitumia vioo ambavyo kwa hakika vilikuwa runinga zisizo na sehemu ya kupokea matangazo. Leo wapo watu Marekani, Ulaya na Japani wanaozikusanya mashine hizo kuukuu, wakakesha juu ya bodi zake, wakibadili kapasita zilizokauka na kulehemu upya miguu iliyopasuka. Ubovu wanaoutafuta wao ndio ule ule anaoutafuta fundi wa Kilwa. Tofauti ni kwamba wao, aghalabu, huutafuta kwa mapenzi ya mambo ya kale, na yeye huutafuta ili mwenye kibanda asilale na njaa.

Nieleze kwa ufupi namna taswira inavyofanyika, kwa sababu bila ya hilo msomaji hataonja utamu wa kazi yenyewe. Shingoni mwa tyubu mna kisehemu kinachopashwa moto hadi kikatoa elektroni. Umeme mkali, wa volti zipatazo 25,000 katika runinga kubwa ya rangi, huzivuta elektroni hizo kwa kasi kuelekea kioo cha mbele, ambacho kwa ndani kimepakwa unga unaong'aa unapopigwa. Nyaya za shaba zilizovishwa shingoni huupinda mwale huo: fungu moja huupeleka kushoto na kulia, na fungu jingine huupandisha na kuushusha. Kwa mtindo wa matangazo uliotumika kwetu, picha moja ilikuwa na mistari 625, na picha 25 zilipita kwa kila sekunde. Zidisha, msomaji, utaona kuwa mwale hupita mara 15,625 kwa sekunde moja. Jicho haliuoni mwale. Huona mtu anapiga mpira. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na neno hilo halikukusudiwa majahazi peke yake.

Kitu chenye nguvu kama hizo hakishikwi kwa pupa. Fundi huyu ana kanuni ambazo humfundisha kila anayekuja kujifunza kwake kabla ya kumpa bisibisi. Kanuni ya kwanza ni kwamba runinga iliyozimwa si runinga iliyokufa. Kapasita kubwa ya mlango wa umeme huweza kubaki na volti zaidi ya 300 baada ya kuzimwa, na tyubu yenyewe hushika umeme mkali kama mtu ashikavyo kinyongo. Kwa hiyo umeme huo hutolewa kwanza, kwa bisibisi ndefu yenye mpini mzima na waya uliofungwa kwenye mkanda wa shaba ulioko nyuma ya tyubu. Kanuni ya pili ni kwamba anayepima kitu kinachowaka hutumia mkono mmoja, na wa pili huuweka nyuma, ili umeme ukimpiga usipate njia ya kupita kifuani. Kanuni ya tatu ni taa. Runinga iliyopatwa na shoti haiungwi moja kwa moja na umeme wa nyumba; huungwa kupitia balbu ya zamani, ile yenye uzi ndani. Shoti ikiwapo, balbu huwaka kwa nguvu zote na runinga husalimika. Shoti isipokuwapo, balbu huwaka mara moja ikafifia. Fundi anazo balbu tatu za namna hiyo, amezifungia kwa nguo ndani ya kopo, kwa kuwa madukani zimekuwa adimu.

Kisha huja maswali. Mwenye mali huulizwa kama mgonjwa aulizwavyo na tabibu. Ilikufa ghafla au iliugua kwanza? Picha ilianza kupungua pembeni? Ilitoa harufu? Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu? Kila jibu lina maana. Iliyougua kwa siku nyingi, ikawa asubuhi inachelewa kuwaka na mchana ni nzima, huenda ikawa ina kapasita iliyokauka. Inayowaka baada ya kupigwa kofi ina mguu uliopasuka katika risasi yake. Na pwani ina maradhi yake yenyewe. Chumvi ya bahari huingia kwa upepo ikala shaba pole pole; sisimizi hufuata joto wakajenga ndani; mjusi hukatiza juu ya bodi wakati usiofaa akawa yeye ndiye shoti. Fundi humtoa kwa koleo na kusema, "Huyu alikuja kutazama mpira."

Nataka nieleze siku moja katika siku nilizokaa pale, kwa sababu siku hiyo ndiyo iliyonishurutisha kuandika.

Alasiri alikuja mwenye kibanda cha gemu, amebeba runinga begani, na watoto watatu nyuma yake wamenyamaza kama waliofiwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Imebaki mstari tu."

Fundi hakuigusa. Alimwita mwanafunzi wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, akamwambia aiwashe kupitia taa. Balbu iliwaka ikafifia. Katikati ya kioo ukatokea mstari mmoja mweupe, mwembamba, mkali kama wembe, kutoka ukingo hadi ukingo. Juu yake giza na chini yake giza. Fundi alipunguza mwanga upesi, maana mstari wa namna hiyo ukiachwa huunguza unga wa kioo ukaacha kovu. Kisha akamgeukia kijana. Mimi nilitazamia amwulize kilichoharibika. Hakumwuliza hivyo.

"Nitajie kwanza kilicho kizima," alisema.

Kijana alisita. Fundi akamsaidia kwa swali.

"Umeme unaingia?"

"Unaingia, Mzee. Taa imefifia na kioo kimewaka."

"Umeme mkali upo?"

"Upo. Usingekuwapo, hata mstari tusingeuona."

"Mwale unakwenda kushoto na kulia?"

"Unakwenda. Ndiyo maana ni mstari, si nukta."

"Na tyubu?"

"Nzima."

"Basi kimebaki nini?"

"Kupanda na kushuka."

"Haya. Sasa fungua chogo."

Msomaji na aangalie kilichotendeka. Bodi ile ina vipande vingi sana, na kila kimoja chaweza kuwa ndicho chenye ubovu. Kwa maswali matano, pasipo kushika bisibisi wala kupima kwa mita, bodi nzima iliachwa ikabaki pembe moja yenye ukubwa wa kiganja. Hakubahatisha mtu yeyote. Ubovu wenyewe ulifanywa kuwa shahidi wa uzima: mstari ule ambao watoto waliuona kuwa ni dalili ya kifo ulikuwa unashuhudia kwamba sehemu kubwa ya chombo i hai.

Katika pembe ile mlikuwa na aisii, yaani kipande cheusi chenye miguu mingi, kilichofungwa kwenye bati la kupozea. Kijana alitazama kwa kioo cha kukuzia, akaona pete nyembamba, kama unywele, imezunguka mguu mmoja. Aisii ile hupata moto kila siku na kupoa kila usiku, na risasi iliyoushika mguu huchoka, ikapasuka. Aliulehemu upya. Runinga ilipowashwa picha ilifunguka, watoto wakapiga kelele za furaha. Fundi hakufurahi. Sehemu ya juu ya picha ilikuwa imejikunja, na mistari myeupe imerundikana ukingoni.

"Kapasita," alisema kijana.

"Kapasita ni kitu gani?"

Kijana alijibu kwa Kiingereza, kwa sentensi kamili, kama ilivyo katika daftari la shule. Fundi akangoja imalizike.

"Sawa, mwanangu. Sasa nieleze mimi, kwa lugha ya hapa. Hapo ilipo, inafanya kazi gani?"

Kijana aliitazama bodi, midomo yake ikajaribu neno na kuliacha. Fundi hakumkemea. Alinyosha kidole kwenye mtungi wa maji uliokuwa karibu na mlango. "Mama zetu huujaza ule pole pole, wakati hakuna mwenye kiu. Mgeni akifika ghafla, huchota mara moja akaridhika. Mwale ukifika chini ya kioo unatakiwa urudi juu kwa ghafla, na aisii peke yake haina nguvu za kuurusha. Hapo ndipo inapochota mtunginí kwake. Mtungi ukikauka, mwale huchelewa njiani, na mistari ya kwanza hubanana juu kama watu waliokosa mahali pa kukaa."

Kijana aliitoa ile kapasita akasoma ubavuni mwake: mikrofaradi 100, volti 35. Katika lundo la runinga zilizokufa hawakupata ya namna hiyo. Walipata ya mikrofaradi 100, volti 50. Aliishika akaigeuza, kisha akasema taratibu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. "Mzee, hii mia moja ni kiasi ambacho mtungi hubeba. Volti ni uimara wa ukuta wake, ni msukumo ambao utaustahimili usipasuke. Basi huu wa hamsini waweza kukaa mahali pa ule wa thelathini na tano, maadamu ujazo ni mmoja."

"Hayo hukuyapata kwangu," fundi alisema.

"Tuliyasoma shule, Mzee. Lakini sikujua kwamba ndiyo haya."

Fundi aliipima kapasita kwa mita, akamwonyesha kijana upande wa hasi usije ukageuzwa, na kabla ya magharibi runinga ilirudi kibandani kwake begani mwa mwenyewe. Malipo yalikuwa madogo. Mimi nilibaki nimekaa kwenye kigoda changu.

Nami nilikaa katika darasa kama la kijana yule, mkoani Lindi, katika miaka ya 1990. Tulikariri maana ya kapasita neno kwa neno, tukaiandika katika mtihani, tukapewa alama, pasipo hata mmoja wetu kuishika kapasita mkononi. Si kweli kwamba hatukuwa na maswali. Kuuliza kulihitaji sentensi ya Kiingereza ambayo hatukuwa nayo, na kuchekwa kulikuwa karibu zaidi kuliko kujibiwa. Dawati langu nililigawana na mtoto wa mvuvi ambaye nyumbani kwao aliweza kuifungua redio iliyonyamaza, akaitazama, akaifunga ikisema. Katika darasa la fizikia alikuwa bubu. Aliondoka shuleni na alama mbaya, na jambo baya kuliko alama ni kwamba aliondoka akiamini kuwa hana akili. Watu huniuliza kwa nini nimelishika shauri la lugha ya kufundishia kwa ukaidi namna hii, na kama ni kwa sababu tu kwamba Kiswahili ndicho kinachonipa mshahara. Huwajibu kwa hoja za wataalamu, nazo ni nyingi. Lakini moyoni ninayemwona ni yule wa dawati langu.

Hoja inayoletwa dhidi yetu ni ile ile kila mwaka: Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Tangu siku ya mstari nimepata njia ya kuijibu, nayo si yangu. Nitajie kwanza kilicho kizima. Je, sarufi yake yaweza kueleza sababu na matokeo? Yaweza, tumesikia "usingekuwapo, tusingeuona", na mantiki haidai zaidi ya hayo. Je, yaweza kupokea neno geni na kulitia katika ngeli na vitenzi vyake? Imepokea bodi, fyuzi, shoti, mita, na hakuna aliyejikwaa. Je, ina maneno yake yenyewe ya kueleza hali za vitu? Kapasita hukauka na kuvimba, risasi huchoka, mguu hupasuka, umeme huingia na kurudi. Je, wasomi hawakufanya sehemu yao? Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 1990. Je, serikali haikulitazama jambo hili? Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikiruhusu Kiswahili kifundishiwe pamoja na Kiingereza. Hivyo vyote ni vizima. Kilichobaki ni pembe yenye ukubwa wa kiganja: vitabu vya kiada vya sekondari, walimu waliofunzwa kufundisha kwavyo, na mitihani inayoafikiana navyo. Pembe hiyo si ndogo kwa gharama, lakini inajulikana ilipo. Wanaotaka kukitupa chombo kizima kwa ajili yake hawajaitazama bodi.

Wala sitaki kusifu kibanda kupita kiasi. Fundi alijua tendo, kijana alijua kipimo. Mmoja bila ya mwingine angekwama. Laiti kijana asingesoma, kapasita ya volti 50 ingewekwa kwa mazoea tu; na laiti asingefika kibandani, maarifa yake yangebaki usingizi ndani ya daftari. Kilichowakutanisha ni lugha ambayo wote wawili huifikiria bila kuitafsiri. Kiingereza cha kijana hakikuwa adui hapo, na yafaa akijue zaidi, maana maandishi mengi ya kazi yake yameandikwa kwacho. Lakini hakikuweza kuwa mahali pa kukutania.

Yumkini msomaji atauliza: kwa nini tujishughulishe na chombo kinachokufa? Swali ni la haki. Viwanda vikubwa vya tyubu vilikwisha kufungwa katika miaka ya 2010. Tyubu inapochoka sasa, haina badala ila ile inayotolewa katika runinga nyingine. Runinga bapa aghalabu hutengenezwa kwa kutoa bodi nzima na kutia bodi nzima, na anayefanya hivyo hahitaji kujua mwale ulipokwama. Fundi mwenyewe husema hivyo, bila ya uchungu. Lakini hata runinga bapa zina kapasita zinazovimba katika sehemu ya umeme, nazo amekwisha kuzifufua nyingi kwa ile elimu aliyoipata kwenye chogo. Chombo hupita, namna ya kuuliza hubaki, ikiwa kuna aliyeipokea. Hapo ndipo penye hofu. Kabla ya kijana huyu walikuwapo wanafunzi wengine, nao mmoja mmoja wamekwenda kuendesha pikipiki, kwa sababu pikipiki hulipa siku hiyo hiyo, na ufundi hulipa baada ya miaka.

Ng'ambo ya maji, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini; kazi kubwa ya kuzitengeneza kuta ikafanyika, na mwaka 2014 yakaondolewa katika hatari hiyo. Ni kazi ya kujivunia. Jiwe lililokatwa na mababu lastahili kushikwa lisianguke. Wala sidai kwamba kibanda cha mabati kiandikwe katika orodha hiyo. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho chaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa chuo mwenye likizo na kalamu. Karakana zimejaa Lindi, Mtwara, Tanga, Unguja na Mombasa, na katika kila moja yamo maneno ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote, yanayofanya kazi ngumu kila siku. Tumeandika mengi juu ya mizani ya utenzi na asili ya majina ya miji. Tuandike na haya pia, pamoja na fikira zilizomo ndani yake, kwa kuwa neno bila ya fikira ni ganda.

Kijana ameanza kabla yetu. Jioni, baada ya kufunga kibanda, huandika katika daftari la mistari alilolinunua mwenyewe. Amelipiga safu tatu: dalili, kilicho kizima, na ubovu. Aliniruhusu kunakili kurasa chache ili niwasomee wanafunzi wangu, kwa sharti kwamba nimrudishie masahihisho ya tahajia. Tahajia haikuhitaji masahihisho mengi. Nilipomuaga mara ya mwisho, fundi aliniambia kuwa macho yake yamepungua, na ile pete nyembamba inayozunguka mguu uliopasuka sasa haioni tena, hata kwa kioo cha kukuzia. Yeye humwambia kijana mahali pa kutazama, na kijana humwambia anachokiona. Daftari lilikuwa limefika ukurasa wa arobaini.